Viungo Elfu Nne

Asubuhi redio ya mji ilipohamishia kumbukumbu zake kwenye diski mpya, majina ya vipindi vyote yalionekana kwenye kompyuta, lakini hakuna hata kimoja kilichofunguka. Bi Salha alikuwa amekaa mapokezi tangu saa mbili. Alikuja kusikia sauti ya marehemu mama yake, mkunga aliyehojiwa na redio hiyo nyumbani kwake miaka arobaini iliyopita.

“Zimepotea?” aliuliza.

“Hazijapotea, Bi Salha,” alisema Tumu, fundi wa kompyuta. “Haya majina ni viungo tu, kazi yake ni kuonyesha sauti ilipo. Sauti zimehama, viungo bado vinaelekeza kwenye diski ya zamani.”

Viungo vilikuwa elfu nne. Tumu aliandika amri ya kusoma kila kiungo, kukifuta, kisha kukiunda upya kielekee diski mpya. Akaijaribu kwa kimoja, kikafunguka. Akaiachia amri ifanye vyote, na mistari ikapanda kwenye skrini kwa kasi hata macho yakashindwa kuifuata.

“Njoo, Bi Salha. Njoo usikie.”

Sauti ya mkunga ikajaza chumba, ikieleza namna ya kumpokea mtoto aliyetanguliza miguu. Katikati ya maelezo ikanyamaza kidogo, kisha ikaita: “Salha, hebu epua chai.”

Bi Salha alikuwa ameshainuka kitini.

“Abee, mama,” aliitika, macho yakitafuta jiko.