Ukishaachia Kamba

"Tumefika?" mzee aliuliza, akikaza ngumi kwenye mkanda wa koti lake la kulalia.

Donatienne aliweka chini bakuli la supu. Mwaka wa pili huu anamhudumia katika makao ya wazee hapa Scarborough, ughaibuni, na swali hilo alishalizoea. Wakati wa vita mzee alikuwa rubani wa ndege isiyo na injini. Ndege nyingine iliivuta kwa kamba ndefu hadi kwa adui, kisha yeye mwenyewe aliachia kamba, akashuka na askari waliojaa nyuma yake. Ukishaachia, hakuna kurudi.

"Bado, Papa," ndivyo alivyomjibu siku zote, akimwita baba kama kwao, naye mzee akazidi kuushikilia mkanda kana kwamba ndio ile kamba.

Neno hilohilo alimpa mama yake kila Jumapili kwenye simu. Utarudi lini nyumbani Uvira, mwanangu? Bado, Mama. Miaka ikaenda, bado. Wiki iliyopita walimzika mama. Donatienne aliyatazama mazishi kwenye simu, ndani ya basi, kati ya watu wasiomjua hata jina.

"Vijana wako nyuma," mzee alisema. "Wamechoka. Tumefika?"

Nje theluji ilikuwa imefunika magari yote. Alitaka kusema bado, kama kawaida.

Akakaa kitandani, akaifunika ile ngumi yenye mishipa kwa kiganja chake.

"Tumefika, Papa."

Vidole vya mzee vikaachia, kimoja baada ya kingine. Mkanda ukabaki mkononi mwa Donatienne, haujafungwa popote.