Nitaendesha Mwenyewe

Matar alilizunguka gari mara ya pili akipiga picha kila mkwaruzo, na Mzee Hamoud akawa nyuma yake, mkoba mkononi, uso umemvimba.

"Kijana, gari hili nnalikodi, silioi."

"Samahani, mzee. Ndiyo utaratibu wetu. Na kibali chako bado hakijaja."

Kibali! Mtu aliyezaliwa Malindi ya hapa hapa Unguja, akajifunza kuendesha gari Darajani kabla Matar hajazaliwa, leo anaombewa kibali cha muda kama mtalii, kisa ana leseni ya Omani. Hamoud alitazama saa ya ukutani pale uwanja wa ndege, akameza maneno yake. Ndege yenyewe ilikuwa imeshachelewa.

Simu ikalia. Alikuwa Simai, mkwewe. Hamoud aliiacha ilie kidogo, kwa mazoea tu, ndipo akapokea.

"Shikamoo, baba." Sauti ya kijana ilikuwa imekauka.

"Marahaba. Nshatua."

"Ntume mtu akuchukue? Watu wanakungoja wewe tu."

"La. Ntaendesha mwenyewe. Nipe Zeyana."

"Njoo kwanza, baba. Usichelewe."

Hamoud alikata simu, moyo unamuuma. Hataki kusema na mimi, aliwaza. Na ana haki.

Miaka minne nyuma Zeyana, binti yake wa pekee, alimtaka huyu Simai, mtembeza wageni katika msitu wa Jozani. Hamoud alikataa hata kumtazama kijana usoni. Alikataa kusimama walii wa ndoa ya mwanawe mwenyewe, mpaka kadhi akamwozesha. Siku ya harusi yeye alikuwa angani, anakwenda Maskati kwa mwanawe Khalil, na huko akabaki. Kila Idi Zeyana alipiga simu. Kila Idi Hamoud aliigeuza simu kifudifudi mezani, akenda kukaa chumba kingine asiisikie.

Wiki iliyopita dada yake, Bi Salhiya, alimpa habari kwamba Zeyana kajifungua mtoto wa kike. Mzee alijifungia msalani akalia kama mtoto. Na leo alfajiri Simai mwenyewe alipiga: "Njoo leo, baba." Hakuongeza neno. Hamoud alihesabu siku, akaona leo ni ya saba, siku ya kumchinjia mtoto akika. Basi wamemwita. Basi mlango haujafungwa. Jua halijapanda alikuwa uwanjani Maskati, anatafuta kiti cha ndege.

Kuja alikuja. Ila kupokewa na Simai, akaingizwa kwake kama mzigo, hapo ndipo kiburi chake kilipokuwa bado hakijaisha. Ndiyo maana ya gari la kukodi.

Kibali kilikuja hatimaye. Matar alimkabidhi ufunguo, akamwombea safari njema. Hamoud alishika njia ya Tunguu, na alipokuwa peke yake akaanza kujifunza maneno aliyoyabeba tangu Maskati.

"Zeyana, mwanangu, nlikosa. Nsamehe."

Aliyasema mara ya kwanza yakamkwama. Mara ya pili yakatoka. Mara ya tatu machozi yalimziba macho, ikabidi aweke gari pembeni mpaka aone njia. Hakuwa na hofu ya kuaibika tena. Hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba Zeyana atamwamkia kwa adabu, atamkaribisha chakula, na asimsamehe.

Alipoupita msitu alikata kuingia njia ya udongo ya kijijini. Hakwenda mbali, akakuta jeneza linakuja. Wanaume wengi, wanapokezana mabega, wanamtaja Mungu kwa sauti ya chini.

Unguja, mwenye gari akikuta jeneza husimama, huzima mashine, hushuka akatia bega japo hatua chache, amjue maiti asimjue. Hamoud alilijua hilo tangu udogo wake na hakuwahi kuliacha. Lakini saa kumi na nusu ilikuwa imeshapita, na akika haimngoji mtu mpaka magharibi. Alipunguza mwendo tu. Maiti ana watu wake, alijiambia, na mimi nnangojwa.

Watu waliona nembo ya kampuni ya kukodisha ubavuni mwa gari, wakadhani ni mtalii, wakamwachia njia. Mbele ya jeneza, bega chini ya mti wa kulibebea, kijana mmoja mrefu alikuwa analia waziwazi wala hakuinua macho. Hamoud alimhurumia sana. Alisema "Inna lillahi" nyuma ya kioo kilichofungwa, na njia ilipokuwa nyeupe akakanyaga mafuta.

Nyumba ya Simai haikuwa ya kuuliza. Majamvi yalitandikwa uani, masufuria makubwa yako jikoni, wanawake wamejaa mpaka barazani. Akika kubwa, mzee alifurahi moyoni. Wanaume tu ndio hakuwaona. Labda hawajarudi msikitini.

Bi Salhiya alitoka na kitoto kilichofungwa kanga. Alimwekea kaka yake mikononi.

"Kafanana na mamake," Hamoud alisema, na safari hii aliyaacha machozi yatoke mbele za watu. "Niitie Zeyana, Salhiya. Nnataka nimwombe radhi hapa hapa, wote wasikie."

Bi Salhiya alilitazama gari, kisha akaitazama njia tupu nyuma yake.

"Kaka, Simai kawazuia wasimtoe mpaka alasiri ikasaliwa, anasema lazima babake atie bega. Hukukutana nao njiani?"