Kioo Kitupu

Mstari wa kijani ulianza kupanda kwenye skrini, na Bi Hakika akaacha kutafuna kalamu. Haukupaswa kupanda.

Jina la Hakika alibandikwa na wenzake wa maabara, maana hata chai huionja mara mbili kabla hajakubali kwamba ina sukari. Asubuhi walishangilia wote. Mashine ilimulika kioo kilichopakwa dhahabu, na kila dawa yao mpya ilipopita ikaing'ang'ania protini ya ugonjwa iliyobandikwa juu yake, mstari ulipanda: ishara kwamba dawa imelenga. Mwalimu, mkuu wa maabara, aliyeihangaikia dawa hiyo tangu hana mvi hata moja, alikwenda mwenyewe getini kuwapokea wageni waliokuja kuona matokeo.

Sasa, kwa mazoea tu, Bi Hakika alikuwa ameweka kioo kisicho na protini. Dhahabu tupu. Akapitisha dawa ileile, na mstari ukapanda vilevile, taratibu, mzuri kama wa asubuhi.

Kumbe hata asubuhi dawa ilikuwa ikinasa kwenye dhahabu, si kwenye protini.

Pampu ilinguruma kwa upole. Angeweza kuzima skrini na kunyamaza, hakuna aliyeona. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe mpaka kitufe kikapata joto.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu akaingia amevaa tai, imekwenda upande.

"Mwanangu, wageni wako hapo nje. Niwaite?"

Bi Hakika akaondoa kidole. Akainuka, akaurudisha mlango polepole, kisha akamvutia kiti.

"Kaa kwanza, Mwalimu."