Njia ya Kwenda Ukweni

Siku hizi njia ya porini ikishapitwa na gari mara moja, hufungwa miaka saba ili ardhi ipumzike, na gari lenyewe hugoma kuikanyaga tena. Musembi alilijua hilo. Lakini kuendesha porini ndiyo kwanza alikuwa anajifunza. Alitafuta njia ya kwenda tu, akamfikishia mama mkwe magunia yake ya mbegu, akageuza. Injini ikazima.

"Njia nyingine iko wapi, mama?" aliuliza, macho chini kama mkwe anavyopaswa.

"Hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki, mwanangu. Na kwa miguu ni siku nne za nyika kavu."

Mkwe halali kwa mama mkwe. Aliambiwa hivyo tangu utotoni. Akasema basi, atalala garini.

"Hata wenzako walianzia garini," mama akajibu kwa upole.

Ndipo Musembi alipoona, nyuma ya nyumba, magari mawili yaliyomezwa na nyasi. Waume wa dada za mkewe, ambao hawakuonekana tangu mwaka juzi, walikuwa wanatoka shambani kumlaki. Mmoja wao alikuwa amebeba majembe mawili.