Kiganja cha Mchinjaji

Asubuhi ile Shomari, mchinjaji, alimchinja ng'ombe wake mwenyewe, wa pekee, akauza kila kitu hadi kwato ili mbwa wake Doria apasuliwe uvimbe wa tumboni. Doria, pamoja na ugonjwa wake, alilala pembeni akitazama, kama alivyotazama pale machinjioni kwa miaka tisa.

Adhuhuri akalazwa kwenye meza ya daktari wa mifugo.

"Tumfunge mdomo kwanza, mzee wangu," alisema daktari, mwanamke kijana, sindano ya usingizi mkononi.

"Huyu? Hajapata kumng'ata hata kuku."

Daktari akafunua sinia la visu. Shomari hakuvumilia, mnyama haonyeshwi kisu. Mkono ukaenda wenyewe, kiganja kikamfunika Doria macho.

Mbwa akapiga ukelele, akarusha miguu, sinia likaruka na visu vikatawanyika sakafuni. Meno yake yakazama mkononi mwa Shomari hadi mfupani. Damu ikawarukia wote wawili.

"Vuta mkono, mzee! Vuta!"

Shomari hakuvuta. Alikuwa ameelewa. Kila mnyama aliyefunikwa macho na kiganja hiki, Doria hakumwona akiinuka tena.

"Mchome, binti yangu," alisema, jasho likimtiririka. "Mwache anishike."

Sindano ikaingia. Shomari akainama mpaka macho yao yakakutana, akalitaja jina la mbwa polepole, mara nyingi. Taya zikaanza kulegea. Macho ya Doria hayakufumba, na Shomari hakuutoa mkono.