Mteja Aliyenyeshewa

"Nimenyeshewa usiku kucha," mteja aliandika, "na asubuhi fundi amekuja akanipiga teke."

Maxine aliyasoma tena maneno hayo kwenye skrini. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu ambao skripti zao, yaani amri walizoiandikia kompyuta, zimegoma kwenye jukwaa la kampuni fulani ya ng'ambo, na watu hao kwa kawaida walitukana, hawakusimulia maisha. Huyu alijiita Oketch 2. Bila shaka kulikuwa na Oketch mwingine aliyelichukua jina mapema.

"Pole sana, kaka," akajibu. "Uliripoti polisi?"

"Hapana. Ni kawaida. Nisaidie tu hii skripti iamke. Nisipofanya kazi leo wananitoa."

Hapo Maxine akaguswa, maana yeye mwenyewe alikuwa amekalia kuti kavu. Msimamizi wake, Mbuthia, mwenye ofisi mjini Kericho, alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno: mteja wa leo asipokupa nyota tano, rudisha laptopu. Na laptopu hiyo ndiyo iliyowalisha tangu mama yake, Bosibori, aachishwe kuchuna majani chai mashine zilipoletwa. Ni kweli kwamba juzi wanawake walikuwa wameitwa warudi shambani na vikapu vyao, ghafla tu, na Mama alikuwa ametoka alfajiri akiimba. Hakuna aliyeuliza sababu. Mtu hahoji mvua ya kiangazi. Lakini kibarua kinachokuja ghafla huondoka vivyo hivyo, na Maxine hakuwa mjinga wa kukitegemea.

Akaifungua skripti ya Oketch 2, akashika kichwa.

Nje ilikuwa lugha moja ya kompyuta, Bash. Ndani ya Bash mtu alikuwa ametia Python, na ndani ya Python mwingine akapenyeza Lua, kama mtu aliyevaa sweta tatu kwa baridi ya Londiani. Jukwaa liliruhusu mambo hayo, mradi kila lugha ionyeshwe inapoanzia na inapoishia. Amri zenyewe zilikuwa fupi: songa, kata, geuka, mwaga.

"Ni gemu unatengeneza?" akauliza.

"Ni kazi, dada. Gemu sijui."

"Nani aliandika hii maneno yote?"

"Kila fundi alikuja na lugha yake. Wa pili aliogopa kugusa ya wa kwanza. Wa tatu akaogopa wote wawili."

"Na wewe ukanyamaza tu?"

"Mimi hufanya yenye nimeandikiwa."

Maxine akasonya, akawalaani waajiri wa dunia nzima. Halafu, kwa kuwa alilelewa vizuri, akauliza, "Umekula lakini?"

"Sijawekewa kitu tangu juzi."

"Una watu wako huku?"

"Tulikuja sita, ndani ya kontena. Wenzangu walipelekwa Bomet."

Maxine akaisogelea skrini. Biashara ya binadamu! Alikuwa amezisikia habari hizo redioni, lakini hakuwahi kudhani kwamba mmoja wa wahasiriwa angemwandikia akitaka msaada wa Lua. Akatamani kuwapigia polisi, kisha akakumbuka kwamba maskini huyo asipofanya kazi leo atatolewa. Watamtoa wampeleke wapi, Mungu wangu?

"Usiogope, kaka yangu," akaandika. "Leo hakuna wa kukutoa."

Akaipitia skripti mstari baada ya mstari. Chai yake ikapoa, ikafanya utando. Mbuthia akapiga simu kuuliza amefika wapi, Maxine akamkatia, na hata hakushtuka kwamba amemkatia. Alikuwa na hasira, na hasira ilimfanya aone vizuri.

Na kweli akaona. Neno la kufungia kipande cha Python lilikuwa limesukumwa kando kwa nafasi moja tupu, basi. Kwa nafasi hiyo moja Bash haikulitambua, ikawa bado inangojea Python imalize, na katika kungojea ikameza kila kilichofuata, hata amri ya kusonga. Jamaa alikuwa akipiga kelele "songa, songa" akiwa ndani ya mdomo wa mwingine. Nani angemsikia?

Maxine akaifuta ile nafasi. "Jaribu sasa."

Akamwomba Mungu kwa Ekegusii, lugha aliyoiweka kwa mambo mazito.

"Imekubali," Oketch 2 akaandika. "Dada, imekubali! Naskia joto mwili mzima."

Nyota zikawaka kwenye skrini, zote tano. Ujumbe wa Mbuthia ukafuata, mfupi kama kawaida yake: "Umebaki." Maxine akacheka huku machozi yakimtoka. Alikuwa ameokoa vibarua viwili kwa kufuta kitu ambacho hata hakionekani, na furaha ilimjaa hadi akashindwa kukaa. Akasimama katikati ya chumba akiandika na laptopu mkononi.

"Siku ukipewa ruhusa, upite kwetu Kericho. Mama atakupikia chai ya maziwa mpaka ushindwe kuinuka."

"Asante, dada, lakini mimi sinywi chai," Oketch 2 akajibu. "Mimi huchuna tu."

Ng'ambo ya dirisha, kwenye mteremko wa shamba la chai, injini ikanguruma. Wanawake wakaanza kutoka majanini mmoja mmoja, vikapu vikiwa vitupu, Mama yake akiwa mbele.