Mafuta ya Kisima cha Kituntu

Mzungu mpima miamba alichota maji ya kisima kwa kikombe cha bati, akayanusa, akayarudia kuyanusa. Utando wa rangirangi ulielea juu yake.

Mutalemwa alisubiri kando yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyetembea siku mbili hadi machimbo ya bati ya Kyerwa kumwita mtu huyu. Kwamba maji yalinuka mafuta ya taa, kijiji kizima kilijua, na ndiyo ilikuwa furaha yao. Kwani mafuta ya taa si hutoka ardhini?

Miezi minne sasa utando ule ulikuwa umemzuia Elpidius, mwanawe wa mwisho. Kaka zake wawili walivuka mto Kagera kwenda kulima pamba Buganda. Wakafia huko, wala makaburi yao hayajulikani. Elpidius naye alikuwa ameshaaga. Mafuta yalipoonekana, akasema atangoja kiwanda. Kila jioni alimsimulia baba yake: kitatoa petroli, kitatoa rangi, kitatoa hata mbolea ya kahawa, na hakuna kijana wa Karagwe atakayekwenda tena kuwalimia watu. Mutalemwa, mtu mgumu wa kucheka, alikuwa akicheka mpaka jino la mwisho.

"Mzee," Mzungu alisema kwa upole, "haya ni ya dukani. Kuna mtu anayamwaga."

Majirani waliangua kicheko. Aibu ilimpanda Mutalemwa mpaka masikioni. Nani, kama si Elpidius, aliyekuwa akitumwa madukani Bugene kununua mafuta ya taa?

"Ni wewe?" alimgeukia mwanawe.

Renatha, mkewe, alifumbua mdomo. Elpidius alimtazama mama yake, akatikisa kichwa taratibu.

"Ni mimi, Tata. Nisamehe."

"Toka kwenye kibanja changu! Hata nikifa, usije kunizika."

Kijana alipiga magoti, akaaga, akashika njia ya Buganda. Mutalemwa alitamani kumwita. Mbele ya watu wote wale, hakuweza.

Watu walipotawanyika, Renatha alikuwa bado amekaa chini kando ya kisima, kanga imelowa machozi.

"Nirudishe kwetu leo hii," alisema. "Ni mimi niliyemwaga, ili nibakiwe na mmoja. Elpidius alinikuta siku ya kwanza kabisa, akanionea huruma."